Fundi kaniachia sebule nusu na mume wangu hajui

Mwanangu wa Nkuhungu, Dodoma, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma. Mlikubaliana na fundi milioni 2 na laki 4, aweke marumaru sebuleni na afunge dari ya jipsamu, umeshampa milioni 1 na laki 8, marumaru zimeishia katikati ya sebule, juu kuna blandaringi tupu, yaani fremu ya kufungia dari, na nyaya zinaning'inia, huu mwezi wa pili kila ukipiga ni "nakuja kesho mama", na sasa anataka laki 3 nyingine ndo arudi. Na mumeo aliyeko Mwanza, anayetuma hizo hela, umemwambia kazi imeisha.

Mpigie mumeo leo usiku. Sio meseji, mpigie. Kwa mwenyekiti wa mtaa hujaenda kwa kuogopa habari zitamfikia, fundi umeshindwa hata kumkaripia kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo hiyo siri inamlinda fundi, wewe inakumaliza. Atakasirika ndiyo, ila hela yake hujaila. Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma ujenzi haujapoa, fundi mmoja anashika kazi nne kwa mpigo, advansi yako inaenda kumalizia ya mtu wa Ihumwa hukohuko Dodoma.

Laki 3 usitume, hata mia. Hiyo laki 6 iliyobaki ndo kamba pekee uliyoishika.

Kabla hujagusa kitu piga picha kila kona, hesabu maboksi, halafu piga magoti na sarafu ya 200 ugonge marumaru moja moja, ikilia kama debe tupu ujue chini hamna gundi ya kutosha na itakuja kung'oka, iwekee alama ya chaki. Maboksi usitupe maana yameandikwa namba ya toleo, marumaru za jina moja zinapishana rangi toleo kwa toleo, mimi jikoni kwangu nusu ni rangi ya maziwa nusu rangi ya chai na nitaishi nayo hivyohivyo.

Ndo uende kwa mwenyekiti, fundi aitwe, muandikishane kazi iliyobaki na tarehe ya mwisho, mashahidi wawili wasaini. Usiseme hatukuandikishana mwanzo, makubaliano ya mdomo sheria inayatambua, na meseji za miamala ya simu ni ushahidi, usizifute. Polisi usianzie huko, watakwambia hii ni kesi ya madai. Tarehe ikipita hajatokea nenda Mahakama ya Mwanzo, na sebule mpe fundi mwingine umlipe kipande kwa kipande, amalize, ukague, ndo utoe hela.

Ila zile nyaya, mwanangu. Umesema mdogo ana miaka minne na anapanda makochi. Hilo lisisubiri fundi wala mwenyekiti, zima umeme wa sebule sasa hivi, kesho asubuhi ita fundi umeme azifunge.