Kwako dada unayeanza riwaya ya kihistoria

Vijana wengi wanaoniletea miswada yao hapa Lubumbashi huanza na tarehe: 1910 mji unaanzishwa kwa jina la Elisabethville, Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, wanapigwa risasi kwenye mgomo, 11 Julai 1960 jimbo letu la Katanga linajitenga na Kongo chini ya Tshombe. Zijue zote. Ila mwanamke wa kambi ya wafanyakazi hutampata humo. Kwenye karatasi za kampuni mwenye namba ya kazi ni mume. Mke anahesabiwa kwenye posho, pamoja na watoto. Basi mtafute kwenye posho.

Ukikaa na mama mzee kule mtaa wa Katuba, usimwulize habari za siasa kwanza. Mwulize: "Mama, wakati wa Tshombe unga mlikuwa mnaupata wapi?" Mmoja niliyemwuliza hivyo aliinuka, akakaza kikwembe chake, akanionyesha jinsi mama yake alivyoficha unga kiunoni Desemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa walipokuwa wakipigana na wale wa Tshombe mjini. Alitembea hatua chache, polepole, kama mja mzito, ili fundo lisilegee. Mwendo ule ulinipa sura nzima.

Wazee huchanganya miaka. Akikuunganishia vita vya 1961 na vile vya Kolwezi vya 1978, usimkatize. Usahihi wa tarehe utautafuta baadaye. Cha kuuliza ni kwa nini vita hivyo viwili vimekuwa kimoja moyoni mwake. Pengine ni njia ileile aliyokimbilia, au mtoto aliyekuwa mgongoni.

Soma sheria pia, tafadhali. Kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, mke alihitaji ruhusa ya mumewe hata kusaini mkataba wa kazi, na jambo hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Sasa weka hapo miaka ya 1990, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, imeanguka, mshahara haujulikani utatoka lini, na mke ndiye anayeuza makala ya kupikia na maandazi ili bukari, yaani ugali, ipikwe. Kwenye karatasi mume ndiye mkubwa, kwenye chungu ni mke. Waandike wakila pamoja jioni, uone nani anaanza kusema. Na huyo mke usimfanye malaika. Mwache awe na wivu, amnyime jirani chumvi, apende mtoto mmoja kuliko wengine. Mama zetu wamesifiwa sana kwenye hotuba. Kwenye vitabu wanastahili kuwa watu.

Kuna mambo ya kwenda nayo taratibu. Waliofukuzwa Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993 kwa sababu ya asili yao ya Kasai, wakalala vituoni wakingoja treni, wengine bado hawajawasimulia hata watoto wao. Hapo simu ya kurekodi ikae mkobani. Badilisha majina, na kabla ya kuchapisha rudi uombe ruhusa tena, hata kama alishakukubalia.

Ukimaliza sura, wasomee wazee waliokusimulia, kwa Kiswahili chetu, hata kama kitabu unakiandika kwa Kifaransa. Wakisema, "Hapana mwanangu, sisi hatukuzungumza hivyo," chukua kalamu palepale, waache wakusahihishe.