Sinki mbili za Bibi: majibu yangu kwenu Tanga

Ile picha ya jiko niliyowatumia imezua maswali. Shangazi kauliza kwa nini sinki mbili jiko dogo vile. Kaka kauliza kama ni kweli Wayahudi Jumamosi hawawashi hata taa. Na mdogo wangu wa mwisho, asiyejua kumumunya neno, kauliza: "Dada, wewe na ushungi wako unaishije humo, au wameshakubadili dini?" Bibi amelala sasa hivi, nina kama saa moja ya kupumzika. Nawajibu kama nilivyoyaona.

Kazi mnaijua, ndiyo hiyo mnayoiita kubeba boksi. Namlea Bibi huku Golders Green, kaskazini mwa London: kumwogesha, kumlisha, dawa zake, kumgeuza usiku. Amepita miaka 90. Alizaliwa Frankfurt, na mwaka 1939, akiwa na miaka mitano, akapandishwa treni kuletwa Uingereza. Watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, waliokolewa kutoka kwa Wanazi wa Ujerumani kwa safari zile kabla vita havijaanza. Wazazi wake walibaki stesheni wakimpungia mkono, hakuwaona tena. Nimelitanguliza hilo kwa sababu bila ya kulijua hamtaelewa kwa nini kijiko ni jambo zito nyumba hii.

Shangazi, sinki moja ni ya nyama, nyingine ya maziwa. Torati inakataza kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na wazee wao wakaizungushia amri hiyo ua mrefu: sufuria mbalimbali, sahani mbalimbali, hata kitambaa cha kufutia vyombo. Vya nyama nimevifunga utepe mwekundu, vya maziwa wa buluu. Akila nyama husubiri saa tatu nzima ndipo anywe chai ya maziwa. Majirani wengi husubiri saa sita, lakini watu wa Frankfurt desturi yao ni tatu, na yeye anasema hivyo ndivyo alivyomwona mama yake akifanya. Mwezi wangu wa kwanza nilikorogea maziwa ya moto kijiko cha nyama. Bibi hakunifokea. Alikikausha kijiko kile kwa kitambaa, akakitenga juu ya karatasi, akaomba simu amuulize rabi wake, kiongozi wao wa dini. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Mimi niliyekulia nyumba ambayo sufuria iliyopikiwa nguruwe haiingii mlangoni, nilijua nimegusa nini.

Mboga za majani huchambuliwa jani kwa jani kwenye mwanga, maana mdudu ni haramu kwao. Nikiwa pale dirishani namkumbuka nyanya na uteo wake wa mchele. Na nyama yao naila. Sura ya Al-Maida imeturuhusu chakula cha Watu wa Kitabu. Najua wako kwetu wasiolikubali hilo, nawaheshimu.

Kaka, la taa ni kweli. Sabato huingia Ijumaa kabla jua halijazama, ikatoka Jumamosi nyota zikionekana, na siku yao huanza magharibi kama tunavyohesabu sisi pwani. Ila jua la huku si la Tanga. Desemba Bibi huwasha mishumaa yake mapema kabisa, saa tisa na nusu alasiri, na Juni Sabato hutoka saa nne usiku imeshapita. Ndani ya muda huo hakuna kuwasha wala kuzima umeme, hakuna kupika, hakuna simu, hakuna kuandika. Taa ya friji nailegeza Alhamisi. Chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa, kikalala juu ya bamba la moto usiku kucha: maharage, shayiri, viazi na nyama. Makande kabisa, jamani, mara ya kwanza kufunua kile chungu machozi yalinitoka. Mimi mwenyewe naruhusiwa kuwasha taa ili nimwone mgonjwa, lakini yeye haniamrishi. Atasema tu, "Leo giza limeingia mapema."

Kuna Jumamosi moja kifua kilimbana, midomo ikageuka rangi. Nikasimama nimeishika simu yangu, naogopa kumvunjia Sabato. Mkwewe, mzee wa kofia nyeusi ambaye sijawahi kumwona akigusa simu siku hiyo, akaninyang'anya, akapiga mwenyewe, kisha akapanda gari la wagonjwa pamoja naye. Baadaye akanieleza kwamba kuokoa uhai kunaondoa Sabato, na hakutaka kuniachia mimi mgeni kazi iliyo wajibu wake. Tangu siku ile siulizi mara mbili.

Bibi alipopona akataka kwenda sinagogi, nyumba yao ya ibada. Kubeba au kusukuma kitu barabarani ni mwiko Sabato, sasa kiti cha magurudumu je? Huku wamezungusha mpaka wa nguzo na nyuzi nyembamba juu, tangu mwaka 2003, na eneo lote lililo ndani huhesabika kama ua wa nyumba moja. Hukaguliwa kila wiki uzi usije ukawa umekatika. Kabla ya hapo wakinamama wenye watoto wa mkononi na walemavu walishinda ndani. Nasukuma kiti chini ya nyuzi ambazo wapita njia hawazioni. Mlangoni kwa sinagogi wanasimama walinzi, wiki zote. Kwangu sala ya Ijumaa sikuwahi kuihusisha na kuogopa kuuawa, na hili sijalizoea.

Msidhani wote ni hivyo. Mjukuu wake wa kiume haamini Mungu, anaendesha gari Sabato, anakula kila kitu. Nilimuuliza Bibi kama bado ni Myahudi. Alinishangaa: mama yake Myahudi, atakuwa nani mwingine? Ijumaa usiku kijana huyo yupo mezani, kofia ndogo kichwani, anamsomea bibi yake baraka ya divai kwa Kiebrania. Ni ukoo na dini vilivyosukwa kama ukili, huwezi kuchomoa kimoja. Na si ngozi: hapo Mbale, Uganda, wapo Wayahudi weusi tangu Semei Kakungulu alipoishika Torati mwaka 1919. Bibi hakuwa akiwajua, nilimsimulia mimi.

Mdogo wangu, hakuna aliyenigusa dini. Wao hawatafuti wa kuwaingiza dini yao, hata anayebisha hodi mwenyewe kwa desturi hukataliwa kwanza. Yeye husali akielekea Yerusalemu, mimi Makka, na kutoka London pande hizo zimekaribiana mno hivi kwamba tunaelekea ukuta mmoja wa sebule. Lakini sitawadanganya kwamba ni raha tupu. Jamaa fulani alitaka niondolewe kazini aliponiona na ushungi. Na tangu Oktoba 2023 yapo mambo mimi na Bibi hatuyataji. Yeye analia kwa ajili ya ndugu zake, mimi nawalilia watoto wa Gaza, na usiku namgeuza ubavu vilevile.

Siku yao ya Upatanisho hufunga saa 25, bila maji. Daktari alimkatalia, na alilia kama mtoto. Rabi akampa njia: maji kidogo kidogo kwa kipimo, dakika kadhaa katikati. Nikakaa kitandani mchana kutwa na kikombe cha dawa na saa ya mkononi, namnywesha funda, nasubiri, namnywesha tena. Kila funda anafumba macho. Mie Ramadhani najua mgonjwa ameruhusiwa kula, na najua anavyoumia aliyeruhusiwa.

Nakuja Novemba, inshallah. Shangazi, nitafutie robo kilo ya karafuu za Pemba, mpya. Sabato ikitoka hunusa manukato kwenye kijisanduku cha fedha, na karafuu zilizomo zimekauka, hazina harufu tena.