Jibu: Madaktari wa akili wa watoto hawatoshi, jimbo lifanye nini?

Ndugu, kabla ya kudai hospitali mpya, tazama jimbo la Massachusetts, Marekani. Tangu 2004, daktari wa kawaida wa watoto huko hupiga simu akashauriana na bingwa wa magonjwa ya akili ya watoto, bila malipo, kisha akaendelea kumtibu mgonjwa wake. Mpango unaitwa MCPAP, na majimbo mengine yameuiga.

Ila simu haimtoshi mtoto aliyezidiwa. Kwa hao, familia zilikwenda mahakamani. Hukumu ya 2006 katika kesi yao, iitwayo Rosie D., ililazimisha jimbo kuwapa watoto wenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huduma nyumbani kwao, na timu za dharura zinazomfuata mtoto alipo. Inauma kwamba ilihitaji hakimu. Ukimwandikia mbunge wa jimbo lako, taja yote mawili.