Weka huo wembe chini, kidevu kikiteleza ujue umeshaharibu

Weka huo wembe chini kwanza. Salamu baadaye. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye hiace ya Ngaramtoni, nilipofika pale uliposema "kinyozi kanishauri nivute ngozi, ninyoe kwenda juu mpaka kiwe laini kabisa, halafu nipake ndimu", nikapitiliza kituo. Nimetembea kurudi huku naandika haya.

Kwa mliochelewa: chalii ana vipele vya ndevu shingoni na chini ya taya, anaoa Moshi baada ya wiki tano, anataka kung'aa. Kauliza mambo matatu: anyoeje, anunue mashine gani, na madoa meusi ayafanyeje. Na tayari kashanunua ule wembe wa makali matano.

Chalii yangu, wewe ni mimi wa Desemba 2016, mwezi niliooa. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kunipigia kelele.

Nilikuwa dereva wa watalii hapa Arusha, kampuni siitaji. Sheria yao ilikuwa dereva asionekane na ndevu, eti mgeni anataka kuona uso msafi. Basi kila siku ya safari naamka saa kumi alfajiri, nanyoa na maji ya bomba, na mnayajua maji ya huku mwezi wa saba yakoje. Nanyoa ndevu zikiwa ngumu kama nyasi kavu, haraka haraka, gari linanguruma nje. Vipele vikaanza shingoni. Hapo ningeacha, hadithi ingeishia hapo. Lakini nikaenda kuomba ushauri.

Kinyozi wangu wa wakati ule alikuwa mtu wa kujiamini kuliko rubani. Kanishika kidevu, kakigeuza kushoto na kulia kama anayenunua mbuzi, akatoa hukumu: "Bro, hunyoi vizuri. Unabakiza mizizi. Vuta ngozi, panda nayo juu, hakikisha ukipapasa hakuna kinachokwama." Kisha spiriti. Kisha dada akanifanyia skrabu kwa nguvu zake zote juu ya vipele vibichi, nikalia machozi huku natabasamu kwa sababu kiti cha pili alikaa bosi wangu.

Miaka ilipita ndipo nikakumbuka kwamba yule kinyozi mwenyewe hakuwa na ndevu. Hata moja. Kidevu kama kiazi kilichomenywa. Nilichukua ushauri wa ndevu kwa mtu ambaye hajawahi kuziota, na nikamlipa.

Sasa sikiliza kwa nini ushauri ule ni sumu, maana hapa ndipo pesa yangu yote ilipoenda.

Ndevu zetu hazitoki wima kama mlingoti wa bendera. Zimejikunja tangu ndani, kitundu chenyewe kimepinda. Ukikata juu ya ngozi, ncha inabaki nje na inaendelea na safari yake. Ukivuta ngozi, unywele unachomoza zaidi ya kawaida yake, unaukata, kisha unaachia ngozi. Ngozi inarudi mahali pake na ncha inazama chini. Umeikata kwa mshazari, kwa hiyo ni kali kama mkuki, imejikunja, na bado inaota. Itaenda wapi? Inatoboa ukuta wa kitundu ikiwa humohumo ndani. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba, unaweka usaha. Hicho ndicho kipele chako. Si uchafu, si damu chafu, si "joto la mwili" kama alivyosema shangazi yangu. Zipo pia zinazotoka nje salama, zikajikunja kama ndoano na kuingia ngozini palepale jirani, ila hizo angalau unaziona.

Na ule wembe wa makali matano ndiyo kuvuta ngozi kulikotiwa kwenye boksi zuri. Kali la kwanza linaunasa unywele na kuuvuta, la nyuma yake linaukata kabla haujarudi, ukirudi unazama. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka haina shida sana, utachomoza palepale ulipozamia. Wewe umelipia kuzizika ndevu zako zikiwa hai.

Turudi harusini kwangu. Machame, nyumbani, siku mbili kabla. Nyumba imejaa ndugu waliokuja kula Krismasi, bafuni foleni, nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe na kioo cha pikipiki nilichokitundika kwenye msumari. Maji ya mfereji. Nikavuta ngozi kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa, nikapanda na wembe kutoka kooni kwenda juu. Mara nne, sehemu ileile. Unasikia sauti kabisa, krrr, krrr, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Nilipomaliza nikapitisha kiganja: hakikukwama popote. Mama mdogo akanishika shavu akasema nimerudi kuwa mtoto. Nikajiona mshindi.

Siku iliyofuata, safi. Hilo ndilo linalotuponza wengi, siku moja ya usafi.

Asubuhi ya harusi nikajitazama. Upande wa kushoto nilihesabu vipele 31 nikaacha. Vingine vina kichwa cheupe. Kimoja chini ya taya nilikiona kwa karibu, ngozi imetanda juu kama karatasi ya kalenda, na chini yake unywele mweusi umejizungusha kama ile springi ya kalamu ya kubofya. Mtu mwenye akili angeuacha. Mimi nikachukua pini, ile ya kubania ua la koti, nikauchimba. Uliponasa nikaung'oa mzima kwa kucha. Nikajisikia raha ajabu, nikafanya kwenye vingine sita. Kisha ndimu. Mashahidi wa mayowe yangu bado wapo hai.

Kola ya shati jeupe ikawa na vitone vya damu kabla hatujafika kanisani. MC akawaambia wageni bwana harusi amekuja kwa njia ya mkato, kapita katikati ya michongoma. Kwenye albamu nzima nimepigwa picha upande mmoja tu, kama kichwa cha sarafu. Wanangu wanadhani baba yao ana shavu moja.

Ungedhani nimejifunza. Sikujifunza. Baada ya fungate nikaenda duka la dawa, muuzaji akanipa krimu ya tyubu, "hii inamaliza kila kitu." Kweli, ndani yake kulikuwa na kila kitu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe. Siku nne uvimbe ukatulia, nikamsifia mpaka kwa majirani. Nikaendelea kunyoa chini kabisa kila siku, napaka kila siku, miezi mitatu. Nikiacha siku mbili vinarudi na hasira. Ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikaanza kupauka mabaka mabaka, na chunusi mpya zikaja ambazo hata sikuwa nazo. Huyo muuzaji sina la kumwambia hadharani, wapo watoto humu.

Na pale nilipochimba kwa pini? Kovu liliota. Likavimba, likawa gumu, likafikia ukubwa wa punje ya maharage, linawasha usiku. Keloidi. Sisi watu weusi tunaongoza kwa hilo, na kidonda kidogo cha taya kinatosha kulianzisha. Ndiyo maana nakuwa mkali kuhusu pini. Wembe mbaya utakupa vipele vya wiki mbili. Pini ilinipa mpangaji wa kudumu.

Hatimaye mke wangu akanipeleka KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi, kwenye kile kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo pale tangu 1992. Daktari hakuniuliza napaka nini. Aliniuliza: "Ukimaliza kunyoa, kidevu kinakwaruza au kinateleza?" Nikajibu kwa fahari, kinateleza. Akasema basi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ndiyo kanuni yangu hiyo, na sina nyingine. KIKWARUZE. Ukipitisha kiganja kiwe kama jani la msasa, hapo simama, weka mashine chini, nenda kazini. Milimita moja ya ndevu ikibaki nje haimuudhi mtu yeyote zaidi ya bosi wako, na yule daktari aliniandikia barua ya bosi. Bosi aliisoma mara mbili, akanihamishia gereji miezi miwili, wageni wasinione. Nilienda.

Kovu lilichomwa sindano, moja kila baada ya wiki nne hivi, humohumo ndani ya kovu. Ajabu ni kwamba kilichomo kwenye sindano nacho ni steroidi, familia moja na ile krimu iliyonichuna uso. Kazi inategemea nani ameishika, kipimo gani na wapi. Likashuka. Halijaisha.

Kwa hiyo wewe, wiki tano zako zitumie hivi. Leo usinyoe. Wala kesho. Acha zote ziote mwezi mzima, utaonekana mhuni, vumilia, mama mkwe mwambie ni maagizo ya hospitali. Ndevu huota kama sentimita moja kwa mwezi, na zikifika urefu huo nyingi za zile zilizonasa zinajivuta zenyewe kutoka. Usizing'oe. Ukiona kitanzi kimechungulia juu ya ngozi, kiinue tu kwa ncha ya sindano iliyochemshwa, uachie hapo. Kuinua, si kuchimba! Jioni sugua taratibu kwa kitambaa cha maji ya moto au mswaki laini kabisa, kwa kuzungusha, unaziamsha ncha kabla hazijazama. Vikiwa na usaha mwingi, au kitu kimeanza kuwa kigumu kama punje, nenda kliniki, usije humu.

Siku mbili kabla ya harusi, ndiyo unyoe. Si asubuhi yenyewe. Kitambaa cha maji ya moto usoni dakika tano, kamilisha dakika tano, usinidanganye. Ukishalainisha, futa, washa mashine. Mashine, si wembe. Weka kitana kidogo kabisa, au bila kitana lakini usiikandamize. Fuata malalo ya ndevu, na shingoni angalia vizuri kwa sababu malalo hubadilika, zangu upande wa kulia zinalala kuelekea sikioni. Mkono wa pili uweke mfukoni ili usishawishike kuvuta ngozi. Pita mara moja. Maji ya baridi, mafuta mepesi, basi. Spiriti waachie wenye vifaa vya kusafisha, ndimu wekea mtori. Baadaye endelea hivyo kila siku mbili tatu, kabla hazijarefuka za kutosha kujikunja na kurudi ndani.

Nikisahau: kisogoni usiruhusu sifuri pia. Vipele vya kisogo vikizoea kinyozi vinageuka makovu ya kudumu, nimeona mtu ana mkufu mzima wa nyama. Na mashine iwe yako mwenyewe. Saluni zetu moja inapita vichwa arobaini kwa siku, na homa ya ini B haibishi hodi.

Watakuja hapa chini wataalamu watakaosema wao wananyoa na wembe miaka ishirini hawana kipele. Waangalieni nywele zao kwanza. Wengine watasema ule unga wa kuondolea ndevu ni suluhisho. Unafanya kazi kweli, unayeyusha unywele na kuacha ncha butu isiyochoma, ila unanuka mayai viza, na ukizidisha dakika unaungua. Ukiujaribu, jaribu mkononi kwanza, na usirudie kabla ya siku tatu. Mimi niliujaribu mara moja, mke wangu akaniuliza kama kuna kuku aliyetagia chini ya kitanda.

Mashine gani? Yangu ni ya kuchaji, nilipewa na shemeji, maandishi yameshafutika. Inayokata ndevu bila kuzivuta inatosha. Madoa nadhani uliuliza... yatafifia yenyewe ukiacha kuvitonesha, miezi, si wiki.

Ule wembe wa makali matano usiutupe. Wetu mke wangu anaondolea manyoya kwenye masweta ya watoto, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani.