Kompyuta Inayoamka Usiku na Maswali Mengine ya Umeme

Kompyuta ya ofisi yetu hapa Kirumba tunailaza jioni, lakini asubuhi tunaikuta iko macho na feni inavuma, ilhali mlango ulifungwa. Je, ni virusi? (Msomaji, Kirumba)

Sidhani. Kabla ya kuvishuku virusi, iulizeni kompyuta yenyewe, kwa maana Windows hukumbuka kilichoiamsha. Fungueni dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, kisha mwandike powercfg /lastwake, nanyi mtatajiwa kifaa au saa iliyoiamsha mara ya mwisho. Amri ya powercfg /waketimers hutaja kazi zilizowekewa saa ya kuiamsha, na powercfg /devicequery wake_armed huorodhesha vifaa vyenye ruhusa hiyo. Mara nyingi mhusika ni kipanya kilichoachwa juu ya meza inayotikisika, au kadi ya mtandao iliyopokea ujumbe usioihusu. Basi fungueni sifa za kifaa hicho, sehemu inayohusu umeme, mwondoe tiki inayokiruhusu kuiamsha kompyuta. Kibodi iachieni ruhusa yake, la sivyo mtabaki kutegemea kitufe cha kuwashia tu. Ikiwa mwamshaji ni saa, zuieni saa za kuamsha katika mpango wa umeme wa Windows.

Kompyuta yangu ya mezani hujizima ghafla, na kumbukumbu za mfumo zinaonesha kosa la Kernel-Power namba 41. Fundi anasema Windows imeharibika, nipige nyingine. Nikubali? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Subiri kwanza. Mafundi wetu wana mkono mwepesi wa kupiga Windows upya, pengine kwa sababu ndiyo kazi ya haraka kuliko zote. Kosa namba 41 halisemi kilichoizima kompyuta. Linasema tu kwamba iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu, na kwa hiyo litaandikwa hata kama ni umeme wa mtaa mzima uliokatika. Fungua maelezo ya kosa hilo utazame thamani ya BugcheckCode. Ikiwa si sifuri, mfumo wenyewe ulianguka, na hapo uchunguze draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, hasa zile ulizoweka karibuni. Ikiwa ni sifuri, yaelekea umeme ulikatika au kompyuta iliganda kabla haijaandika lolote. Taa za chumbani zikiwa hazikuzimika, na hasa ikiwa huzima inapopewa kazi nzito, mshuku pawa saplai, yaani kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, au joto: safisha vumbi la feni, kisha azima pawa saplai nzima uijaribu. Windows mpya haitaiponya pawa saplai mbovu.

Niliambiwa niandike powercfg /h off ili nipate nafasi kwenye diski. Sasa umeme ukikatika kompyuta ikiwa imelala, kazi yote inapotea. (Mfanyabiashara, Nansio, Ukerewe)

Aliyekushauri hakukudanganya kuhusu nafasi, ila hakukueleza bei yake. Kompyuta inapolala usingizi wa kawaida, kazi yako hubaki ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo RAM huhitaji umeme kidogo wakati wote. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, hupoteza kila kitu umeme ukikatika hata kwa nukta moja. Usingizi mzito (hibernate) huiandika kazi hiyo kwenye diski, katika faili la hiberfil.sys, ambalo ndilo amri uliyopewa ilifuta. Andika powercfg /h on, kisha katika mipangilio ya kitufe cha kuwashia weka tiki ili usingizi mzito uonekane kwenye menyu.

Amri hiyo hurejesha pia uwakaji wa haraka (fast startup) uliokuja na Windows 8, ambao hufanya kuzima kusiwe kuzima kamili, kwa kuwa kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye faili lilelile. Basi siku printa au mtandao ukigoma baada ya kuwasha, chagua kuanzisha upya (Restart) badala ya kuzima na kuwasha, kwani kuanzisha upya hupakia mfumo wote kutoka mwanzo.

Kila umeme unaporudi, kompyuta inajiwasha yenyewe. Niizuieje? (Msomaji, Igoma)

Hilo haliko ndani ya Windows. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, tafuta kipengele kinachoamua hali ya kompyuta baada ya umeme kurudi, ukiweke ibaki imezimwa. Ukikuta mpangilio huo unajirudisha kila mara, badilisha betri ndogo ya ubao mama. Kwa kawaida ni CR2032.