Maswali ya Wasomaji: Toccata ya Widor bila pedali

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia huku Igoma, Mwanza. Maharusi wameomba Toccata ya Widor, kile kipande cha mbio cha ogani cha mtunzi Mfaransa, wakati wa kutoka kanisani. Kinanda chetu kina vibao 61 na hakina pedali za besi za kupiga kwa miguu. Mkono wa kulia nauendesha mbio bila kukosea, lakini wanakwaya wanasema nasikika kama cherehani. Besi nayo inakatika katikati ya noti. Nakosea wapi? Na kwa nini inaitwa simfoni, yaani muziki wa okestra, wakati anapiga mtu mmoja?

JIBU: Milele, amina. Wanakwaya wako wana masikio. Noti za mbio zinasindikiza tu. Wimbo uko kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za mkono wa kushoto, kisha unaibuka kwenye besi. Widor mwenyewe, aliyepiga kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice, Paris, tangu 1870, hakufurahia kuona watu wakiukimbiza. Kasi ya midundo 100 kwa dakika inatosha kabisa: hapo mkono wa kulia unapiga noti 400 kila dakika. Anza na 60, panda 4 kila baada ya siku tatu, mwezi utakufikisha. Kila kundi la noti libane kwanza kwa pamoja kama kodi, vidole vijue pa kutua, ndipo ulivunje. Mkono ukianza kuwaka moto kabla ya ukurasa wa pili, unanyanyua vidole juu mno.

Besi inakatika kwa sababu kinanda kimejaa. Vinanda vingi vya bei nafuu vina uwezo wa kutoa noti 32 kwa wakati mmoja, na ukiunganisha sauti mbili za ogani, kila noti unayobonyeza huhesabiwa mara mbili. Kikijaa, kwa kawaida hukata noti iliyoanza zamani, nayo ndiyo ile besi ndefu. Basi tumia sauti moja tu ya ogani, na usikanyage kabisa pedali ya kurefusha.

Usigawanye vibao 61 kati ya besi na mkono wa kushoto, vitagongana. Azima kinanda cha pili na mtu wa pili. Noti C ya chini kabisa ya pedali ndiyo kibao cha mwisho kushoto, na kwenye ogani pedali husikika pia oktava moja chini ya hapo. Kwa hiyo kinanda cha pili kishushwe oktava 1, na mwenzako apige kila noti ya besi kwa mikono miwili, oktava nzima. Katikati, muziki unaposhuka sauti na kuanza kupanda taratibu, yeye ndiye ashike kitufe cha sauti. Mikono yako haitapata nafasi.

Kanisa la bati lenye madirisha wazi halina mwangwi wa Saint-Sulpice, kwa hiyo noti fupi zitasikika kavu. Ongeza mwangwi wa kinanda kidogo tu, na kodi za kushoto zikae kidogo zaidi. (Mazoezi ya jioni karibu na ziwa, funika kinanda kwa kanga ukimaliza, wale wadudu wanaofuata taa huingia chini ya vibao.)

Jina simfoni: ogani za Cavaillé-Coll, fundi wa ogani wa Ufaransa, zilitengenezwa ziige okestra nzima. Ya Saint-Sulpice, ya 1862, ina safu tano za vibao. Toccata hii ni sehemu ya tano na ya mwisho ya Simfoni ya 5, ya 1879.

Inachukua kama dakika sita. Usianze vigelegele vikiwa juu, na kubaliana mapema na watu wa matarumbeta wasubiri nje mpaka kodi ya mwisho.