Kabla ya kuuliza upake nini, uliza ukiacha itakuwaje

Mdogo wangu, hilo kopo usilinunue. Tutasalimiana baadaye.

Nimesoma bandiko lako lote. Sendofu miezi miwili ijayo, mawifi wameshaanza "mbona bibi harusi amefubaa", picha zako bila filta huzitaki, na unauliza mkorogo upi unang'arisha haraka bila madhara, saluni ipi Sinza haitavunja bajeti, na hao mawifi uwajibu nini. Halafu nikashuka chini nikakuta mtu kakuandikia: "Njoo inboksi mpenzi, ninayo ya asili kabisa, wiki moja tu unatakata." Hapo presha ikapanda. Maneno hayo hayo ndiyo niliyouziwa mimi.

Na usidhani nilinunua kwa machinga barabarani. Lilikuwa duka zuri, vioo kila upande, feni inapuliza, dada mwenyewe ana kauli tamu kuliko mchungaji anayeomba sadaka. Alikorogea mbele yangu. Alikamua tyubu moja baada ya nyingine kwenye bakuli la plastiki, akamimina losheni ya watoto, gliserini kidogo, manukato ya kuua harufu ya dawa, akachanganya kwa mwiko wa mbao na kujaza kopo. Juu akabandika stika yenye picha ya jani la mshubiri, "Asili 100%". Mshubiri mle ndani haukupita hata kusalimia. Zile tyubu zilikuwa wazi mezani na zimeandikwa: klobetasoli. Mimi na diploma yangu ya uhasibu, mtu wa kukagua risiti ya nyanya, nikaona aibu kuuliza hiyo ni nini.

Nikwambie ni nini. Ni steroidi, moja ya dawa kali kabisa za kupaka. Daktari humpa mgonjwa wa pumu ya ngozi au soriasisi apake kidogo, mahali padogo, wiki chache, basi. Mimi nilikuwa najipaka asubuhi na jioni, utosi hadi kisigino.

Na sikudanganyi, ilifanya kazi! Chunusi zilikauka, nikatakata, ofisini wananiuliza natumia nini, status zangu zinafunguliwa na watu ambao hawajanisemesha tangu sekondari. Kwa hiyo wale mnaokuja kwenye nyuzi hizi kusema wanaojichubua hawana akili, pumzikeni. Mtu aliyeitwa "mweusi" kwa dharau tangu chekechea, siku anayosifiwa kwa mara ya kwanza halali usingizi kwa furaha.

Sasa nisikilize hapa, maana kupaka kwenyewe hakukunigharimu sana. Kilichonimaliza ni kilichotokea nilipoacha, na jinsi nilivyodanganywa kukielewa.

Nilikwenda msibani Singida, kopo nikalisahau Dar. Siku chache baadaye uso ukaanza kuwaka. Sisemi kuwasha, nasema kuwaka. Maji ya baridi nikinawa yananichoma. Mashavu yakaiva, yakavimba, vipele vyenye usaha vikajipanga kuzunguka mdomo. Wafiwa wakaanza kunipa pole mimi. Nikampigia yule dada huku nalia. Akanijibu kwa utulivu wa daktari bingwa: "Usiogope mamii, hiyo ngozi inatoa sumu ya losheni zako za zamani. Ina maana imeipenda ya kwangu. Ngoja nikutumie namba mbili, ina nguvu zaidi." Akaipakia kwenye basi. Nikapaka usiku, na haukupita muda uso umepoa. Wewe ungeacha kuamini?

Kumbe hakuna sumu iliyokuwa inatoka. Steroidi inabana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, na ndiyo sababu mojawapo unaonekana mweupe upesi. Ukiizoesha ngozi kisha ukaiondoa ghafla, mishipa inafunguka yote kwa mpigo: wekundu, moto, uvimbe. Ukirudisha dawa inatulia. Kila nilipojaribu kuacha, uso wangu mwenyewe ukawa unatoa ushahidi upande wa muuzaji! Namba moja ilikuwa 25,000, namba mbili 40,000, kisha ikaja moja aliyoiita "ya mwisho", 70,000, jina ambalo nikilikumbuka naona lilikuwa la kinabii. Ningejua mapema kwamba ule moto ndio dalili ya dawa yenyewe, ningeishia kopo la kwanza. Nikaendelea kwa miaka.

Matokeo? Michirizi mipana ya zambarau mapajani na kwapani, na sijawahi kubeba mimba. Vinywele vya shavuni. Vifundo vya vidole vikagoma kutakata, ule utani wa "uso Fanta, vidole Coca" nikawa naruka hata muhudumu anapouliza tunywe soda gani. Nilipolazwa kwa malaria, nesi alibandua plasta ya dripu ikaondoka na kipande cha ngozi. Akaniuliza, "Dada, unapaka nini?" Nikamjibu bila haya: mafuta ya nazi. Na ile 2020, nchi nzima imeshavua barakoa, mimi nimeing'ang'ania. Watu wakanisifu kwa tahadhari, kumbe naficha mashavu. Nyumbani nilitoa glopu ya bafuni nikawa naoga gizani. Harusi ya rafiki yangu wa kufa na kuzikana sikwenda kwa sababu ya kamera. Nilitaka kung'aa nionekane, nikaishia kujificha, na bado nilikuwa nalipia.

Aliyenitoa ni daktari wa ngozi. Nilimpelekea kopo lenyewe, hakunisimanga. Alinishusha taratibu, dawa dhaifu zaidi, kisha dhaifu zaidi, kwa miezi mingi. Akanieleza kwamba aliyepaka mwili mzima muda mrefu hatakiwi kukata ghafla peke yake, kwa sababu dawa inapenya hadi kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni ya aina hiyo hiyo, zinaweza kuwa zimezembea kazi yake. Mtu anaweza kuanguka. Kwa hiyo kama umeshaanza na unanificha, usitupe kopo leo kwa ushujaa. Libebe uende nalo hospitali. Muhimbili wapo madaktari wa ngozi, na KCMC kule Moshi kuna kituo kinachowafundisha tangu 1992.

Hiyo ni steroidi tu. Makopo mengine yana haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua, ambayo ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa kibuluu usiotoka. Afrika Kusini waliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwetu pia hairuhusiwi. Mengine yana zebaki, inayoharibu figo. Wewe unaolewa, mdogo wangu. Zebaki inamfikia mtoto tumboni, na inahamia kwa watu wa nyumbani kupitia taulo na mashuka. TBS, shirika letu la viwango, ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019, lakini kopo lililokorogwa bakulini jana jioni atalikagua nani?

Yule dada bado anauza, amebadilisha jina la ukurasa tu. Nikimwona anaposti "mrejesho wa wateja" huwa naweka simu chini nikanywe maji.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtu yeyote akikuletea losheni, seramu, sindano au vidonge, usimuulize inang'arisha baada ya siku ngapi. Muulize: nikiacha, ngozi yangu itakuwaje? Akisema "utakuwa unairudia rudia tu", umeshapata jibu. Akisema "hakuna shida", mwambie akuandikie viungo vyote kwenye karatasi, kwa jina lake, ukamwonyeshe mfamasia. Akinuna, ondoka. Miezi miwili inatosha losheni ya kawaida, losheni ya kukinga jua na kulala mapema, na siku yenyewe mpambaji atafanya yaliyobaki, kisha jioni unanawa inaisha.

Na atakuja mmoja hapo chini kusema "mbona mimi natumia miaka yote na niko poa". Msibishane naye. Muulizeni tu kama amewahi kuacha.